SAMPULA IPI INATUFAA?

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Natumaini kwamba nyote mmekwisha kaa, taa inawaka barabara, na kila mmoja ana kalamu na daftari lake. Ninyi mnaosoma mazungumzo haya katika karatasi, someni polepole, na kila mtakapokuta maneno yaliyo katika mabano, fanyeni tendo lililoandikwa. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: sampuli, sampula, programu, pedi, mapigo.

Wiki iliyopita tulizungumza habari za kuweka akiba. Leo tutazungumza habari za muziki. Lakini msidhani kwamba tumeziacha habari za fedha. Mtaona kwamba mambo haya mawili yanakwenda njia moja.

Somo hili limetokana na swali la mama mmoja anayesoma katika darasa letu la Tabata. Mama huyu huuza vitumbua kila asubuhi, na jioni huja kujifunza kusoma na kuandika. Siku moja, wenzake walipokwisha toka, yeye alibaki. Akasema, “Mwalimu, mwanangu anataka kutengeneza muziki wa singeli. Ananiambia kwamba hawezi bila sampula, na sampula haipatikani bila kompyuta. Zamu yangu ya upatu inafika mwezi ujao, naye anazitaka fedha zote. Nataka kujua, hiyo sampula ni kitu gani hata kimeze fedha za upatu?”

Sikumjibu upesi, maana mimi mwenyewe nimekwisha umia kwa jambo hilo. Nilipokuwa nikisomea diploma nilitaka kutengeneza muziki mfupi wa kufungulia masomo. Nilisikia watu wakiisifu sampula moja kubwa. Nikajinyima miezi mingi, nikainunua. Kumbe kompyuta yangu ilikuwa ndogo. Kila nilipofungua ile programu nilikaa nikingoja, na nilipokwisha kungoja hamu ya muziki ilikuwa imekwisha pia. Miezi miwili ikapita, nami sikuwa nimetengeneza hata wimbo mmoja. Kosa lilikuwa langu. Nilinunua jina kabla ya kujiuliza nataka kufanya kazi gani.

Basi nilimwambia yule mama, “Nipe siku chache. Tutalitazama jambo hili pamoja, wewe, mimi na mwanao.” Hayo tuliyoyaona ndiyo ninayowaletea leo.

SAMPULA NI KITU GANI?

Neno sampuli twalijua sote. Ukienda soko la Tandale kununua gunia la mchele, muuzaji hakufungulii gunia zima. Huchoma gunia kwa bambo, akatoa mchele kidogo, akaumwaga kiganjani mwako. Huo ndio sampuli. Kwa kiganja kile unajua habari za gunia zima.

Sampula ni chombo kinachochota sampuli ya sauti. Sasa tufanye jaribio. (Piga meza kwa kiganja mara moja.) Umesikia? Sauti imetoka na imekufa, huwezi kuirudisha. Lakini kama sampula ingaliisikia, ingaliiweka, nawe ungaliweza kuitoa tena kwa kugusa kwa kidole, mara moja, mara kumi, au mara mia. Meza yako ingalikuwa ngoma.

Zamani tulikuwa na tepu na kaseti, nazo pia ziliweka sauti. Tofauti ni nini? Kaseti hukupa sauti kwa mpango uleule ulioirekodi, toka mwanzo hata mwisho. Sampula hukupa kila sauti peke yake, tayari kupigwa kama ala. Unaweza kuikata, kuigeuza mbele nyuma, kuifanya nene au nyembamba, na kuizungusha bila kukoma.

Huiwekaje? Huiweka kwa hesabu. Fikirini mtu amesimama Pwani ya Kunduchi na ufito wenye alama. Kila mara anapima maji yamepanda au yameshuka kiasi gani, na kuandika tarakimu. Mtu mwingine akizipata tarakimu zile anaweza kuuchora mwendo wa maji yale bila ya kuyaona. Sampula nayo hupima mtikisiko wa sauti namna hiyo, ila kwa haraka sana. Kipimo kinachotumika katika diski za muziki ni mara 44,100 kwa kila sekunde moja.

Tufanye hesabu ndogo. Kila kipimo kimoja huchukua baiti 2 za kumbukumbu. Basi sekunde moja ya sauti huchukua 44,100 mara 2, yaani baiti 88,200. Sauti ya sekunde 2 huchukua baiti 176,400. Sauti 100 za namna hiyo huchukua baiti milioni 17 na laki 6 hivi. Hizo ni kama megabaiti 18 tu, nazo ni kidogo kuliko video fupi mnazotumiana kwa simu. Ikumbukeni hesabu hii, maana tutairudia.

KWA NINI SAUTI HUBADILIKA?

Wazee waliowahi kuwa na gramafoni watanielewa upesi. Santuri kubwa ilitakiwa izunguke mara 33 na theluthi moja kwa dakika, na santuri ndogo mara 45. Mtoto akikosea akaipiga santuri kubwa kwa mwendo wa 45, mwimbaji mwenye sauti nzito alisikika kama ndege. Wimbo ulikwenda mbio, na sauti ilipanda kama vitufe vitano vya kinanda, ukihesabu vyeupe na vyeusi.

Lile kosa la mtoto ndiyo kazi kubwa ya sampula. Ukichukua sauti moja ya kengele ukaipiga kwa mwendo mara mbili, hupanda oktava nzima. Ukiipiga kwa nusu ya mwendo, hushuka oktava nzima. Basi kwa kengele moja unapata kinanda kizima cha kengele.

Na muziki wa singeli, ambao vijana wetu wa Dar es Salaam wameutangaza mbali, una asili yake hapo. Kabla yake kulikuwa na mchiriku, muziki wa vinanda vidogo vya Casio vilivyounganishwa na vikuza sauti vikuukuu. Kundi la Jagwa Music la Mwananyamala ni mfano mmoja. Mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa santuri yao iitwayo “Bongo Hotheads”. Baadaye vijana wakachukua vipande vya taarabu, wakavizungusha, wakavikimbiza, na washairi wakaimba juu yake. Singeli ikazaliwa katika mitaa yetu ya Manzese, Tandale, Mburahati na mingineyo. Mapigo yake hufika 200 hata 300 kwa dakika moja. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo uitwao “Sounds of Sisso”, yaani kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Baada ya hapo watengenezaji kama Bamba Pana na Jay Mitta wakasikilizwa Ulaya.

Sikilizeni jambo hili vizuri. Muziki huo haukusubiri vyombo vya bei kubwa. Ulitengenezwa kwa vitu vilivyokuwapo, na watu waliovijua vitu vyao.

TOKA BEI YA NYUMBA HATA SIMU YA MKONONI

Mwaka 1979, huko Australia, ilitokea sampula iitwayo Fairlight CMI. Ilikuwa na kinanda, kioo na sanduku kubwa la kompyuta, na bei yake iliweza kununua nyumba. Wanamuziki matajiri tu ndio walioimudu. Mwaka 1986 kampuni ya Casio ya Japani ikatoa kinanda kidogo kiitwacho SK-1, cha kuchezea watoto, ambacho kiliweza kurekodi sauti isiyofika sekunde moja na nusu. Unaweza kudhani kwamba watu wazima walikidharau. La, wengi walikipenda, kwa kuwa ulisema neno, na mara hiyohiyo ukalipiga katika vitufe.

Mwaka 1988 kampuni ya Akai, pamoja na fundi wa Kimarekani Roger Linn, wakatoa mashine iitwayo MPC60. Ilikuwa na pedi 16, yaani vibao laini vya mpira vya kugongwa kwa vidole, safu nne za vibao vinne vinne. Vijana wa hip-hop wa Marekani waliitumia sana.

Kisha sampula ikaacha kuwa mashine, ikawa programu, yaani mafungu ya amri yanayowekwa ndani ya kompyuta. Mwaka 1997 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa FruityLoops, ambayo sasa huitwa FL Studio. Watengenezaji wengi wa bongo fleva na singeli huijua. Na siku hizi sampula imeingia hata katika simu. Basi tatizo letu leo si uhaba. Ziko nyingi mno, na mtu asiyejua kuchagua huzimaliza siku zake akilinganisha, bila kupiga hata mapigo manne.

MASWALI MATANO YA MNUNUZI

Andikeni haya katika madaftari yenu.

Swali la kwanza: Je, inakubaliwa na chombo nilicho nacho? Ziko sampula za namna mbili. Namna ya kwanza ni kama ghala. Huja na sauti za vinanda, fidla na tarumbeta zilizorekodiwa tayari kwa uangalifu mkubwa. Kontakt ya kampuni ya Native Instruments ya Ujerumani ni mojawapo. Ni chombo kizuri kwa mtu anayetunga muziki wa filamu. Lakini ghala moja la sauti za namna hiyo laweza kuwa la gigabaiti 20. Kumbukeni hesabu yetu. Sauti zetu 100 zilikuwa megabaiti 18, na gigabaiti 20 ni kama mara elfu na zaidi ya hizo. Fikirini gharama ya bando la kuzipakua. Namna ya pili ni kama kikapu kitupu. Haina sauti nyingi, bali hukupa nafasi ya kutia zako mwenyewe. Anayetaka kufanya muziki upesi na kwa furaha, kikapu humtosha.

Swali la pili: Ni hatua ngapi toka sauti ninayoisikia hata sauti ninayoipiga? Hesabuni kwa vidole. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Wazo la muziki ni kama maziwa yanayochemka. Ukienda kutafuta kifuniko mbali, utakuta yamekwisha mwagika.

Swali la tatu: Je, sauti inachelewa? Gusa pedi, sikiliza. Sauti itoke palepale kidole kinapogusa. Tufanye hesabu tena. Singeli ya mapigo 240 kwa dakika, kila pigo lina robo sekunde tu. Sauti ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, karibu nusu ya pigo imekwisha potea, na mpigaji hawezi kwenda sawa. Jihadharini na spika zisizo na waya, maana nyingi huchelewesha sauti kiasi hicho au zaidi. Mtu huilaumu programu, kumbe mkosaji ni spika. Jaribuni kwanza kwa vipokea sauti vya waya.

Swali la nne: Je, nitaweza kuitoa kazi yangu? Programu nzuri hukuruhusu kuitoa kama faili la kawaida la sauti, kwa mfano la namna ya WAV, ili uweze kulipeleka studio au katika programu nyingine. Programu isiyotoa ni kama mtego wa samaki: kuingia kuna mlango, kutoka hakuna.

Swali la tano: Masharti yake ni yapi? Hapa ndipo kusoma kunapomwokoa mtu. Kwa mfano, FL Studio hutolewa bure kwa kujaribiwa. Unaweza kufanya kazi, kuihifadhi, na kuitoa kama faili la sauti. Lakini ukiifunga kazi uliyoihifadhi, huwezi kuifungua tena mpaka ununue. Sharti hilo limeandikwa wazi. Asiyelisoma atalia kesho yake. Kwa upande mwingine, mwenye kuinunua hupata matoleo yote mapya yanayofuata bila kulipa tena. Hayo yote ni mambo ya kusoma kabla ya kutoa fedha.

Na yule anayekuuzia programu iliyovunjwa kufuli, kwa bei ya soda mbili, mwepukeni. Ni kinyume cha sheria, na mara nyingi ndani yake kuna virusi vinavyoharibu kazi yako yote.

JUMAPILI MOJA HUKO TABATA

Sasa nirudie kwa yule mama. Jumapili moja alasiri nilikwenda kwake. “Shikamoo, mama.” “Marahaba, mwalimu, karibu.” Kijana wake wa miaka 19 akanisalimu, nasi tukakaa barazani, karibu na jiko la vitumbua. Kijana alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Alinitazama kama mtu aliyekuja kumharibia mipango yake.

Nikamwambia, “Sikuja kukataa kompyuta. Nimekuja tuhesabu.” Mama akachukua daftari lake la shule. Kazi yake ilikuwa kuweka alama moja kwa kila hatua.

Kwanza tulijaribu kwa kompyuta ya rafiki wa kijana, jirani hapo. Tuliirekodi sauti, tukaifungua katika programu ya kukatia, tukaikata, tukaipa jina, tukaihifadhi, tukafungua programu ya pili, tukalitafuta lile faili. Tulipofika kuipiga, Mama alikuwa ameandika alama 13.

Kisha tukachukua simu ya kijana, tukatia programu iitwayo Koala Sampler. Bei yake ni dola chache tu za Kimarekani. Nililipa mimi kwa kadi yangu, na Mama akanirudishia fedha zangu siku ileile, maana yeye hapendi deni. Programu hii ina pedi 16 katika kioo kwa mara moja, kwa mtindo wa zile mashine za zamani, na kwa jumla inaweka sauti 64. Ukibonyeza pedi tupu na kuishikilia, simu inasikiliza. Ukiachia, sauti imekwisha wekwa. Ukiigusa tena, inalia. Mama aliandika alama 4, akaitazama karatasi, akacheka.

Mwanzo mambo hayakwenda vizuri. Kijana aliunganisha spika isiyo na waya, na kila alipogusa sauti ilikuja nyuma ya kidole. Akasema, “Mnaona? Simu haifai.” Tukaitoa spika, tukatia vipokea sauti vya waya. Uchelewaji ukapungua hata asiweze kuutambua. Kama tungalikata shauri kwa jaribio la kwanza, tungaliikataa programu njema kwa kosa la spika.

Halafu kijana akakaa kimya, hajui arekodi nini. Alikuwa akitaka ngoma za studio. Hapo Mama akasema, “Mbona mnatafuta mbali?” Akamimina unga wa mchele uliokorogwa katika kikaango chenye mafuta ya moto. Chaaa! Kijana akaisogeza simu. Mama akagonga ukingo wa kikaango kwa kile kijiti cha chuma cha kugeuzia vitumbua. Ting! Hiyo nayo ikaingia. Ndoo tupu iliyofunikwa ikawa ngoma nene. Kwa mbali treni ikapiga honi upande wa Relini, nayo pia akaiwahi.

Kijana aliikata “chaaa” ikawa fupi, kama kayamba. Ile “ting” akaipandisha, akaishusha, akapata sauti tano za kuimbisha. Akaweka mapigo 220 kwa dakika. Nami nilipojaribu kupiga makofi sawasawa naye nilishindwa, akanicheka sana, na ule uso wa kukasirika ukaondoka. Jua lilikuwa halijazama, naye alikuwa na wimbo wa dakika moja.

Ndugu wanafunzi, mimi niliyenunua sampula kubwa nilimaliza miezi miwili bila wimbo. Kijana huyu alipata wimbo alasiri moja, kwa simu iliyopasuka kioo. Je, sampula yake ni bora kuliko yangu? Kwa wingi wa sauti, la. Kwa kazi aliyokuwa nayo, ndiyo.

FEDHA ZA UPATU ZILIKWENDA WAPI?

Zamu ya upatu ilipofika Mama alikata shauri mwenyewe. Sehemu kubwa alinunulia mchele na mafuta, na mabati mawili ya jikoni. Kiasi kidogo alikitia katika bahasha, akaandika juu yake kwa mkono wake neno KOMPYUTA. Akamwambia mwanawe, “Niandikie kwa nini unaitaka.”

Baada ya wiki tatu kijana alikuwa na nyimbo tisa, na mmoja ulipigwa katika sherehe ya jirani. Mama alisimama mlangoni akisikia kikaango chake mwenyewe kikitoka katika spika, na watu wanacheza. Kijana naye akaona upungufu wa simu. Alitaka kurekodi mashairi marefu ya rafiki yake, na kupanga vipande vingi kwa urefu, na kioo kidogo kikamchosha. Akaandika mambo hayo katika karatasi, moja, mbili, tatu.

Hapo ndipo kompyuta ilipopata maana. Nilimwonyesha kwamba hata siku hiyo ikifika, si lazima anunue programu mara moja. Iko Audacity, ya kurekodi na kukata sauti, iliyotolewa tangu mwaka 2000, nayo haina bei. Iko LMMS, ya kupangia muziki, ambayo ndani yake mna sampula nyepesi, nayo pia haina bei. Akizishinda hizo, akaona bado anabanwa, atajua ni kitu gani anachonunua.

Kompyuta haijanunuliwa bado. Bahasha ipo, inaongezeka kidogo kidogo. Kijana hakupendezwa sana na kungoja, nami sitawadanganya kwamba alipendezwa. Lakini anangoja akifanya kazi, wala hangoji akikaa bure.

JAMBO LA HAKI

Kabla sijamaliza, yako mawili ya kuangalia. Sauti ya kikaango ni mali yenu, itumieni mpendavyo. Lakini ukichukua kipande cha wimbo wa mtu mwingine, hata kifupi, na kukitia katika wimbo unaouuza, hiyo ni kazi ya mwenziwe. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi inayoshughulikia mambo hayo ni COSOTA. Omba ruhusa kwanza. Na wimbo wako ukikamilika, nenda nawe ukaulizie namna ya kuulinda, maana mkimbizaji wa leo anaweza kukimbizwa kesho.

La pili ni sauti za watu. Konda anayeita “Tabata, Segerea!” huku akigonga ubavu wa daladala, ana sauti tamu kwa singeli. Lakini sauti ile ni yake. Mwambie, “Kaka, naomba nirekodi.” Aghalabu atakubali, na ataita kwa nguvu zaidi.

TUKUMBUKE

Usianze kwa kuuliza, sampula ipi ni kubwa. Anza kwa kuuliza, nina chombo gani, nataka kazi gani, na ni hatua ngapi baina ya sikio langu na kidole changu. Ile yenye hatua chache, isiyochelewa, inayoitoa kazi yako, na yenye masharti uliyoyasoma ukayaelewa, hiyo ndiyo yako kwa leo. Ya kesho utaijua kesho, kwa sababu utakuwa umekwisha pata kazi mkononi.

Na ninyi wazazi, mtoto akija na jina la chombo msichokijua, msikatae kwa kuwa hamkijui, wala msitoe kwa kuwa mnaona haya kuuliza. Chukueni daftari, mkae naye, mhesabu.

MASWALI YA DARASA

1. Sampuli ya mchele na sampuli ya sauti zinafanana kwa jambo gani?
2. Sauti ya sekunde 3 huchukua baiti ngapi? Fanya hesabu ubaoni.
3. Muziki una mapigo 120 kwa dakika. Kila pigo lina sehemu gani ya sekunde?
4. Kwa nini kijana alidhani kwamba simu haifai, na kosa lilikuwa la nini?
5. Taja sauti tatu za nyumbani kwako au za kazini kwako zinazofaa kuwa ngoma, kayamba au kengele. Andika kwa nini.
6. Mngalikuwa ninyi, mngalizigawaje fedha za upatu? Zungumzeni, kisha kila mmoja aandike mistari mitano.

Wiki ijayo tutasoma namna ya kuelewa risiti na karatasi za mkopo kabla ya kutia sahihi. Njooni na karatasi moja kila mtu. Mpaka hapo, ndugu wanafunzi, kwaherini.